Historia ya Hedwiga, Aliyegeuza Vyote vya Mwenzake

Mchungaji wetu, wazee wa kanisa, viongozi wa kijiji na wa Chama, mawifi na mashemeji, majirani mliopanda kutoka bondeni na ninyi mlioteremka kutoka kandokando ya msitu, familia ya mzee Fanueli inaomba mtulie, na akina mama walioko jikoni nao waache kugonganisha masufuria kwa muda, ili tumsome Hedwiga kama alivyokuwa, maana ukimsoma mtu kama asivyokuwa unazika mtu mwingine, na yeye kufanywa mtu mwingine alishafanywa akiwa hai, wala hakupenda hata kidogo.

Marehemu Hedwiga alizaliwa tarehe 17 Mei 1931 huko Kihurio, akiwa mtoto wa tatu na binti wa pili wa mzee Tomaso, mkulima wa mpunga, akabatizwa mwezi huo huo katika Kanisa Katoliki, kwa kitambaa cheupe kile kile alichobatiziwa dada yake. Hatumsemi vibaya mzee Tomaso, hakuwa nacho, lakini jambo hili la kuwa binti wa pili lazima lisemwe, kwa sababu ndilo lililomfinyanga, gauni lilimfikia likiwa limeshajifunza mabega ya mtu mwingine, viatu vilimfikia vikiwa vimeshainama upande wa mguu wa mwingine, na alipoulizwa utotoni anataka aletewe nini kutoka dukani, alijibu, "Chochote, bora dada asikiguse kwanza."

Mwaka 1940 aliingia shule ya kigangoni, akasoma hadi darasa la pili, akajua kusoma, kuandika jina lake, na hesabu za kutoa, za kujumlisha hazikumkaa. Mwaka 1942 alitolewa shuleni akawaamie ndege kwenye mpunga, na ile sauti yake ambayo kila mmoja wenu ameisikia ikivuka bonde kumwita mtu asiyetaka kuitika, aliipata huko, juu ya kichuguu, akigombana na viumbe wenye mabawa.

Sasa tuje huku juu. Mzee Fanueli, ambaye wakati huo hakuwa mzee, alikuwa na mke aitwaye Eliakunda, mwanamke mrefu mwenye kicheko, mnaomkumbuka mnamkumbuka, aliyefariki kwa uzazi tarehe 3 Novemba 1950 pamoja na kichanga chake, akaacha binti mmoja, Yudith, wa miaka mitano. Mila yetu inajulikana, tanga likianuliwa ukoo unakaa, nguo za marehemu na vyombo vyake wanagawiwa ndugu, na nyumba inapumua, lakini Fanueli alisimama mlangoni akawaambia wazee, "Kitu cha Eliakunda hakitupwi wala hakigawiwi," na wazee wakamwacha, wakadhani ni uchungu, na uchungu hupita. Haukupita, uliota mizizi ndani ya sanduku la nguo.

Jumamosi tarehe 6 Septemba 1952 Hedwiga alifunga ndoa na Fanueli katika kanisa la Kilutheri hapa Mhezi, akaacha kanisa la kwao, akaacha joto la Kihurio, akaja kwenye ukungu huu akiwa na nguo moja mpya ambayo dada yake hakuwa ameigusa, na alipokanyaga kizingiti akina mama wakapiga vigelegele, "Mama Yudith kaingia! Mama Yudith kaingia!" naye akageuka nyuma kutazama ni nani huyo mwingine anayeingia. Wageni wetu mwelewe, kwetu mwanamke akiingia nyumba yenye mtoto huitwa kwa mtoto yule, na ni heshima, maana yake amekabidhiwa nyumba, lakini Eliakunda naye alikuwa akiitwa Mama Yudith, na msalabani kwake nyuma ya migomba pameandikwa hivyo hivyo, kwa hiyo heshima aliyopokea Hedwiga ilikuwa imeshavaliwa.

Asubuhi ya kwanza aliomba kata ya kuchotea maji, mama mkwe akamwambia, "Ile ya Eliakunda iko pale," akaomba sufuria akapewa la Eliakunda, akaomba jembe, likaja la Eliakunda na mpini wake uliolainika kwa viganja vya Eliakunda, na jioni alipokaa kwenye kigoda akaambiwa kwa upole kabisa, "Hicho nacho cha kwake, lakini kalia tu." Alimwuliza mumewe, "Baba Yudith, humu ndani mimi nimeolewa na nani, na wewe au na yeye?" Fanueli akajibu neno lile lile alilowaambia wazee, kwamba kitu cha Eliakunda hakitupwi, akaenda kuangalia kahawa zake, kwa sababu Fanueli, Mungu amweke, akiona maneno yanakuja huona pia kahawa zinamwita.

Akasubiri apate mtoto wake. Tarehe 22 Julai 1953 akajifungua mtoto wa kiume, Tumainieli, akakaa uzazini akisikiliza kila hodi inayopigwa, aone nani wa kwanza atamwita Mama Tumainieli, na wa kwanza kuingia alikuwa mama mkwe, ambaye alimpakata mtoto, akamtemea mate ya baraka, akasema, "Hongera sana, Mama Yudith." Hedwiga akamwambia, "Mama, huyu si Yudith," na bibi yule akamjibu, "Jina la nyumba ni kama mafiga, mwanangu, hayahamishwi kwa sababu umepika chungu kingine." Siku ile maziwa yalimkauka, tunasema lililotokea.

Ndipo alipofikiri kwa ile akili yake ya hesabu za kutoa. Vitu vya Eliakunda haviruhusiwi kutupwa, sawa, haviruhusiwi kugawiwa, sawa, lakini hakuna aliyesema haviruhusiwi kugeuzwa. Akaanza na birika. Lilikuwa birika zuri la bati, Fanueli alilinunua Same mwaka aliomwoa Eliakunda, na kila lilipochemka alikuwa akilitazama mdomo kama linataka kumwambia jambo, basi Hedwiga akalifunga kwenye kanga akateremka nalo hadi Same sokoni, kwa Lugano, fundi makopo, mtu wa Rungwe aliyekuja kukata mkonge akaishia kukata bati. Lugano akaligeuza juu chini akasema, "Mama, hili zima, halina tundu."

"Basi litoboe."

"Nilitoboe halafu nilizibe?"

"Ulitoboe halafu uniulize linataka kuwa nini."

Likawa koroboi mbili na faneli ya kumiminia mafuta ya taa, na aliporudi nazo, Mwamvita, jirani yetu wa ukutani ambaye mdomo wake hauna mlango, alisema mbele ya watu kisimani, "Haya, birika la marehemu limekuwa faneli, sasa tuone Fanueli mwenyewe atakuwa nini." Fanueli aliziona zile koroboi, akazizungusha mkononi, akafungua kinywa, mkewe akamwahi, "Nimetupa? Nimegawa?" akakifunga.

Tangu hapo hakuna kilichopona. Kata ikawa kipimo cha mbegu, sanduku la nguo likawa kiota cha kuku, jembe lilinolewa likawa kisu cha kupogolea kahawa, blanketi lilikatwa katikati likashonwa kingo mpaka likawa mawili yasiyofanana na lile moja. Chungu alikiangusha, kigae kikawa cha kupalia moto, na yeye mwenyewe aliapa kwamba kilimponyoka. Kanga za Eliakunda zilimfunga Tumainieli winda, Hezroni akafuata, Namsifu akafuata, zilipochakaa zikawa matambara ya kushikia masufuria, na mwisho zikasokotwa tambi za taa, zikawaka zikaisha, na wenye kushuhudia wanasema alikuwa akizitazama zikiwaka kwa namna ambayo mtu hutazama jirani akihama. Watu wa bondeni hututania kwamba Mpare hatupi hata ganda la ndizi mpaka alitafutie kazi, lakini sisi tunafanya hivyo kwa kubana matumizi, Hedwiga alifanya kwa wivu, na wivu una bidii kuliko umaskini, kwa sababu maskini hulala.

Likaja la bendera. Desemba 1961, nchi inapata uhuru wake, kila mahali palitakiwa bendera, huku juu haikufika hata moja, na mwalimu akauliza nani ana kitambaa cha kijani. Hedwiga alikuwa nacho, gauni la Eliakunda la Krismasi, la kijani kibichi, la mwisho lililobaki zima, akalipasua kwa furaha ya taifa zima, akaweka weusi kutoka kwenye mwamvuli mbovu na manjano kutoka kitambaa cha meza, akaishona bendera kwa mkono wake, mshono usioonekana. Ikapandishwa uwanjani, watu wakaimba, wakalia, wazee wakavua kofia, na Fanueli alivua yake akaishika kifuani, na wimbo ukaisha, wengine wote wakavaa kofia, yeye bado ameinua uso, anatazama. Hedwiga akamsogelea, "Baba Yudith, unatazama nini?"

"Uhuru," akasema Fanueli.

"Uhuru, au kiuno?"

Fanueli akavaa kofia yake. Wengine walirudi nyumbani siku ile wakiwa wamepata nchi, Hedwiga alirudi akiwa na hakika kwamba ametoa gauni kwenye sanduku akalipandisha juu ya mlingoti ambako kijiji kizima, pamoja na mumewe, kingelisimamia na kuliimbia.

Yudith, huyu mliyemwona amekaa karibu na jeneza, alilelewa na Hedwiga tangu ana miaka saba, akaogeshwa naye, akachapwa naye, akafundishwa naye kushona, na katika yote ya Eliakunda huyu ndiye pekee aliyeshindikana kugeuzwa, alimsuka nywele kwa mtindo wa Kihurio, akamfundisha sauti ya kuamia ndege, lakini msichana akicheka, aliyecheka alikuwa mama yake. Tarehe 15 Oktoba 1966 Yudith alipoolewa Same, wakwe walileta blanketi la mama kama ilivyo desturi, na Nakijwa, mdogo wake Eliakunda, alishuka kutoka kwao akalidai, damu ni damu, na wazee wakampa, Hedwiga akapewa kanga moja ya shukrani. Alisema maneno machache, na kwake machache ni habari, "Mpeni alifunike kaburi, mtoto wakati wa baridi nilimfunika mimi," akaenda jikoni, akawapikia wakwe wale makande hadi wakaomba kuongezewa.

Kazi yake ya kijijini, ambayo ndiyo iliyowaleta wengi wenu hapa leo, ilianza kwa Bwana Afya. Mwaka 1969 alipita nyumba kwa nyumba akikagua vyoo na mashimo ya takataka, akachungulia shimo la nyumba hii akalikuta tupu, chini pamefagiwa, akasema, "Mama, taka ziko wapi?"

"Kwani umepoteza?"

"Mama, usinichezee, kila nyumba ina taka, wewe za kwako unazitupa kwa nani?"

"Mwanangu, mimi nimekatazwa kutupa tangu mwaka hamsini na mbili."

Akatishia kumwandikia faini kwa kuwa na shimo lisilotumika, ikabidi aitwe mwenyekiti wa kijiji, naye alipooneshwa nyumba nzima, kitu baada ya kitu, hiki kilikuwa kile, kile kilikuwa hiki, alikaa chini akasema, "Azimio tumelisikia redioni, kumbe kujitegemea kwenyewe kuko huku jikoni." Akatangaza kwamba kila wiki kwenye msaragambo, ile kazi yetu ya pamoja, baada ya kusafisha mfereji, akina mama waje na kitu kimoja kibovu na waondoke nacho kikiwa kitu kingine, na mwalimu wao awe Hedwiga. Hivyo ndivyo lilivyozaliwa kundi la Geuza, ambalo limefumua magunia ya mkonge ya nchi hii likayasokota kamba, limechemsha vipande vya sabuni vikawa mche mzima, limefanya mipira ya gari iwe ndoo za kisimani, na maganda ya kahawa yaliyokuwa yakioza kando ya mto likayapeleka migombani, na mnaokula ndizi za Mhezi mnajua wenyewe.

Lakini kundi linakwenda kwa kubadilishana, na humo ndimo marehemu alimochimba shimo akatumbukia. Alipopeleka koroboi zake za birika akarudi na kamba, alipopeleka kisu cha jembe akarudi na ungo, yale mablanketi mawili yakaenda kwa wazazi wawili, aliona nyumba yake inamtoka Eliakunda, kipande kwa kipande, akawa anaimba akifagia. Hakufikiria vinakokwenda. Akaenda kumpa pole Mwamvita, akamulikiwa na koroboi ya Eliakunda, akaenda kumwona mzazi, mtoto amelala kwenye blanketi la Eliakunda, akaingia ofisi ya kijiji, katibu anapima mbegu kwa kata ya Eliakunda, na kila alipofika mwenye nyumba alimwambia kwa kujivuna, "Hiki kitu kigumu, Mama Yudith, kile cha marehemu hiki, vya zamani havifi." Alimtoa mwenzake ndani ya nyumba moja akamwingiza katika kijiji kizima.

Tarehe 7 Julai 1972, Sabasaba, Ijumaa, mgeni rasmi kutoka wilayani alikuja kuliona kundi la Geuza. Vitu vilitandazwa kwenye mikeka uwanjani, Hedwiga amevaa nguo mpya kabisa, ya dukani, hakuna mtu aliyewahi kuivaa, amesimama mwanzo wa mkeka anangoja kuulizwa. Nakijwa alikuwepo, akapita kwenye mkeka akishika kitu baada ya kitu, machozi yanamtoka, "Hii ya dada, hii ya dada, jamani, na hii ya dada." Mgeni akamwuliza katibu, "Mwanzilishi wa kazi hii ni nani?" na akina mama wote wakamjibu kwa sauti moja kabla katibu hajameza mate, "Mama Yudith!" Mgeni akamtazama Nakijwa anavyolia, akamwuliza kwa huruma, "Na vitu hivi?" Nakijwa akasema, "Vya marehemu, vya marehemu Mama Yudith."

Mgeni rasmi alikuwa mtu mwema, hakuna mwenye kosa hapa, aliweka pamoja aliyoyasikia. Alipanda kwenye meza, akahutubia vizuri sana juu ya mama yule aliyejitolea, aliyeona mali pale ambapo wengine waliona uchafu, kisha akasema, "Ndugu wananchi, naomba tusimame kwa dakika moja tumkumbuke marehemu Mama Yudith." Nani atamkatiza mgeni wa wilaya? Tukasimama, mwenyekiti akasimama akitazama viatu vyake, Fanueli akasimama, na Hedwiga, aliyekuwa amesimama tangu asubuhi, akaendelea kusimama katikati ya kimya kile, mikono imeshikana mbele, mpaka Mwamvita akamnong'oneza, "Na wewe unamkumbuka nani?" naye akasema, tena bila kunong'ona, "Najikumbuka mwenyewe, naona hakuna mwingine."

Jioni hiyo alipiga marufuku. Alipita nyumba kwa nyumba kama Bwana Afya, akatangaza kwamba kuanzia siku ile yeye ni Mama Tumainieli, atakayemwita vingine asimtegemee kwa chumvi wala kwa moto, akampelekea salamu hizo hizo Yudith kule Same. Watu walijitahidi, ukawa unasikia "Mama Yu, Mama Tumaini," kama mtu anayekwepa shimo njiani, na Krismasi ya mwaka ule Yudith alipopanda na watoto wake, akapiga magoti mlangoni akasema, "Shikamoo, Mama Tumainieli." Akamjibu marahaba. Siku ile chakula kilikuwa na chumvi hadi watoto wakalia, naye akasema mkono ulimteleza, na hatukumwuliza, lakini mkono ule haukuwa wa kuteleza.

Marehemu alijaliwa watoto watatu wa tumbo lake, Tumainieli, aliye kwenye samaki huko bwawani Nyumba ya Mungu, Hezroni aliyezaliwa tarehe 11 Februari 1956, na Namsifu aliyezaliwa tarehe 30 Agosti 1959, na wajukuu tisa, ukiwahesabu na wa Yudith, na sasa ni lazima wahesabiwe, kwa sababu itakayofuata.

Novemba 1977 marehemu alianza kulalamika tumbo, akatibiwa katika zahanati yetu akapata nafuu, mwezi Januari uvimbe ukaonekana, akateremshwa hospitalini Same, na aliyekaa kitandani kwake, aliyefua, aliyelisha, aliyebishana naye, alikuwa Yudith, kwa kuwa ndiye mwenye nyumba mjini. Siku ya kulazwa muuguzi alikuja na karatasi yake, akauliza, "Mgonjwa huyu tumwite mama nani?" na Yudith, ambaye alifunzwa kutii, akajibu, "Mama Tumainieli."

Mgonjwa alikuwa amefumba macho, akayafumbua. "Nani?"

"Si wewe, mama? Si ulituagiza?"

"Niliwaagiza watu wa Mhezi. Wewe ni watu wa Mhezi?"

"Mama, uliniletea salamu mpaka huku."

"Nikaleta, na wewe ukapokea! Ulikuwa unangoja. Miaka yote ulikuwa unangoja nikuachie tu umrudie yule."

"Yule simkumbuki hata sura, mama."

"Humkumbuki, lakini unaye usoni. Nimemwona anacheka jikoni kwangu tangu una meno ya maziwa. Amechukua nyumba, amechukua baba yako akamweka mfukoni, amechukua hata Sabasaba yangu, nikamwachia. Wewe simwachii. Alikuwa mama yako miaka mitano, yangu mimi hesabu mwenyewe, wewe ulisoma za kujumlisha. Muuguzi, futa hiyo, andika Mama Yudith."

Muuguzi akauliza kwa adabu ni lipi hasa sasa, Yudith akawa anacheka na kulia pamoja, na mgonjwa akamwambia, "Haya, cheka tu. Lakini ujue unachekea kwangu."

Tangu siku ile wodi nzima ilimwita Mama Yudith, naye aliitika kutoka mbali, hata pale alipokuwa hajaitwa yeye. Alimwita Fanueli akamwagiza mambo mawili, la kwanza kwamba msalaba wake uandikwe Mama Yudith kama wa yule, na la pili kwamba herufi zisipungue hata unywele kuliko za yule. Fanueli alisema sawa. Alipotoka alionekana amekaa kwenye ngazi ya hospitali, na hakuna kahawa pale Same za kumwita, akakaa. Marehemu alifariki Alhamisi tarehe 9 Machi 1978, saa nne asubuhi, Yudith akiwa amemshika mkono, na Tumainieli njiani.

Hapa familia inatoa tangazo, lisikike hadi jikoni. Tangu jana kuna minong'ono ya upande wa Nakijwa, kwamba binti hawezi kuwa na mama wawili kwenye misalaba miwili iliyopandwa bega kwa bega, kwamba ni aibu, kwamba wapita njia watacheka. Tumemwuliza Yudith mbele ya mchungaji, na jibu lake ni hili, kwamba walipogawana blanketi hakuulizwa, sasa ameulizwa, na huyu anayezikwa leo ni mama yake, na asiyeridhika asubiri afe Yudith mwenyewe ndipo amwulize tena. Fundi ameshapima msalaba wa kwanza kwa kamba, amechonga wa pili, Fanueli ameupima mara nyingine kwa mkono wake, na herufi ziko sawa. Mambo hayo yamekwisha.

Familia inawashukuru waganga na wauguzi wa Same kwa uvumilivu wao, maana mgonjwa alipokuwa na nguvu aliwafundisha kazi yao, inawashukuru viongozi wa kijiji na ndugu wa Chama, kanisa na kwaya yake, jamaa wa Kihurio waliotembea na mpunga kichwani, fundi Lugano aliyepanda mlima huu kwa mguu mbaya, na akina mama wa Geuza waliochimba, waliochota, waliopika, na waliofumua magunia jana mchana ili kamba za kushushia jeneza ziwe mpya. Jirani Mwamvita anashukuriwa peke yake, kwa kuwa ametuahidi kunyamaza mpaka kaburi litakapofunikwa, na hadi sasa ameweza.

Mama Yudith, umefika, lala upumzike kwa amani, ijapokuwa amani hiyo nayo mwenzako ameitangulia.